Kwa nini chuo kikuu kinafundisha ualimu wa maigizo na filamu za kutisha

Mzazi aliyeko Mwanza au Mombasa akitumiwa orodha ya masomo ya mwanawe anayesoma Marekani, macho yake hutua kwenye mstari ambao hakuutarajia. Hisabati ipo, Kemia ipo, halafu chini yake: Filamu za Kutisha, krediti 3. Au Mbinu za Kufundisha Maigizo, krediti 3. Ada yote ile, na mtoto anakaa darasani kutazama mizuka?

Swali hilo ni la haki, na kulijibu kwa kusema “wenzetu ndivyo wanavyosoma” ni kumkosea heshima anayeuliza. Limefunga ndani yake mambo matatu ambayo huchanganywa: namna vyuo vya Marekani vinavyohesabu elimu, watu wanaokusudiwa na kozi za namna hii, na kazi yenyewe inayofanyika darasani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kozi hizi mbili zikifundishwa inavyopaswa ni nzito kuliko majina yake, na zinahusiana kuliko zinavyoonekana, kwa sababu zote zinashughulika na hofu. Moja inamwandaa mwalimu kukabili hofu ya mtu anayetakiwa kusimama mbele ya wenzake. Nyingine inachunguza hofu inavyotengenezwa, na kwa faida ya nani.

Saa, krediti na pensheni

Hadi katikati ya karne ya 19 mwanafunzi wa chuo cha Marekani hakuwa na cha kuchagua. Kilatini, Kigiriki, hisabati, falsafa ya maadili; darasa zima lilikwenda pamoja mwaka hadi mwaka. Thomas Jefferson alilegeza kidogo utaratibu huo katika Chuo Kikuu cha Virginia, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1825. Lakini aliyeubomoa hasa ni Charles William Eliot, mtaalamu wa kemia aliyekuwa rais wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909. Katika miaka hiyo 40 aliyaondoa masomo ya lazima moja baada ya jingine mpaka yakabaki machache ya mwaka wa kwanza. Aliamini kwamba kijana akipewa nafasi ya kusoma anachokipenda, atakisoma kwa bidii ambayo shuruti haiwezi kuileta.

Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, aliona upande wa pili. Wapo waliookoteza kozi nyepesi huku na huko, wakatoka na shahada isiyo na kiini. Akaweka mpango ambao vyuo vingi bado vinaufuata kwa namna moja au nyingine: mwanafunzi abobee katika eneo moja, kisha atawanye sehemu ya masomo yake kwenye maeneo mengine ya elimu. Mhandisi asome fasihi, mtu wa fasihi asome sayansi. Kozi ya filamu au ya maigizo huingia kwenye shahada ya mhandisi kupitia mlango huo.

Kipimo ni krediti. Shahada ya kwanza ya miaka minne kwa kawaida ina krediti 120, na kozi moja ya kawaida ina 3. Kila krediti inadai takriban saa moja ya darasani na saa mbili za kazi nje ya darasa kwa wiki, katika muhula wa wiki 15 hivi. Kozi ya krediti 3 basi inakula saa tisa kwa wiki, saa 135 kwa muhula. Filamu za Kutisha inapimwa kwa saa zilezile zinazoipima Kemia, na alama yake inaingia kwenye wastani wa mwisho kwa uzito uleule. Anayeichukua kama mapumziko ataliona hilo kwenye matokeo.

Asili ya kupima elimu kwa saa ni pensheni. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alitoa dola milioni 10 za kuwalipa maprofesa waliostaafu. Taasisi iliyosimamia fedha hizo ikaweka masharti: chuo kinachotaka walimu wake wanufaike lazima kidai wanafunzi wapya wawe wamesoma sekondari kwa kiasi kinachopimika, saa 120 za darasani kwa somo moja kwa mwaka. Vyuo vilizihitaji fedha, vikakubali. Shule za sekondari zikafuata, na vyuo vyenyewe vikazoea kuhesabu masomo yao kwa saa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtoto wa mtu anahesabiwa saa zake za kutazama filamu kwa mfumo uliozaliwa kwa ajili ya wastaafu.

Wasomaji wa Tanzania wajihadhari na namba hizi. Katika mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina 360. Kwa hiyo 120 ya Marekani ni shahada nzima, na 120 ya Tanzania ni mwaka mmoja tu. Kozi ya Kimarekani ya krediti 3, ukiipima kwa saa, inakaribia krediti 13 na nusu za TCU. Anayelinganisha namba kwa namba atadhani mtoto wa jirani anasoma theluthi ya wenzake.

Mitego iko kwenye utaratibu. Si kila kozi ya kuchagua inachaguliwa kwa uhuru uleule. Ipo ya hiari kabisa, inayojaza nafasi iliyobaki. Ipo inayochaguliwa ndani ya orodha fupi ya idara. Na ipo inayotimiza sharti la masomo ya jumla, kwa mfano sharti la sanaa au la uandishi. Kozi ileile ya filamu inaweza kuwa ya aina ya tatu kwa mwanafunzi mmoja na isimsaidie chochote mwenzake wa kitivo kingine. Kwa anayesoma kwa msaada wa serikali ya shirikisho, wakiwamo vijana wengi wa Kikongo waliofika Marekani kama wakimbizi, jambo hili ni la fedha: msaada huo unahesabu kozi zinazoingia kwenye shahada yake tu. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, wa shahada ya kwanza naye anatakiwa kuwa na krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na katika hizo kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Swali la kumpelekea mshauri wa masomo kabla ya kujisajili ni hili: kozi hii inaingia kwenye sehemu gani ya shahada yangu? Likijibiwa kwa maandishi ni bora zaidi.

Kumfundisha mtu asiyetaka kusimama

Kozi ya kufundisha maigizo si kozi ya kuigiza, ingawa wengi hujisajili wakidhani hivyo. Pia haimpi mtu leseni ya ualimu. Kila jimbo la Marekani lina leseni yake, na kuipata kunahitaji programu kamili ya ualimu, mazoezi ya kufundisha shuleni na mara nyingi mtihani. Kozi moja ya krediti 3 inakupa ladha na vifaa, basi. Wanaoifaidi zaidi ni wanaokusudia kuwa walimu wa shule za msingi, walimu wa lugha, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, na wale wa idara ya maigizo ambao hawana hakika kama jukwaa litawalisha.

Nchini humo elimu hii ina wazazi wake. Winifred Ward, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, alianza katika miaka ya 1920 kuwafundisha watoto kutunga maigizo yao wenyewe badala ya kukariri maneno ya watu wazima. Anayesomwa zaidi siku hizi ni Viola Spolin wa Chicago. Alijifunza kwa Neva Boyd katika nyumba ya Hull House, kituo kilichokuwa kikiwahudumia wahamiaji wa mji huo, na baadaye akafanya kazi ya maigizo na watoto wa wahamiaji wasiokuwa na Kiingereza cha pamoja. Maelekezo marefu ya mwongozaji yasingefua dafu pale. Akatunga michezo, mamia ya michezo, na mwaka 1963 akaichapisha. Watoto wa Kikongo na wa Kirundi wanaoingia leo shule za Marekani wakiwa na Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kuunga-unga wako mahali palepale walipokuwa watoto wale wa Chicago.

Chukua mchezo mmoja, wa kioo, uone unavyofundishwa. Wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anasogeza mkono polepole, mwenzake anamfuata kama taswira kwenye kioo. Mwalimu anasema “badilisha”, aliyekuwa kioo anaongoza. Anasema tena “badilisha”, na tena, kwa kasi, mpaka wawili hao hawajui tena nani anaongoza nani anafuata, na bado mikono inakwenda pamoja. Mtoto anaweza kuumaliza kwa dakika tano. Mwanafunzi wa ualimu anatakiwa kukaa nao wiki nzima. Kwa nini umeanza na mikono na hukuanza na uso? Kwa sababu kumkazia mtu macho kunamtia haya, na mikono inampa pa kutazama. Kwa nini hukusimamisha mchezo kumsahihisha yule aliyekuwa akienda mbio? Kwa sababu ukisimamisha, darasa zima linamgeukia. Spolin aliwafundisha walimu wasemeshe wachezaji mchezo ukiendelea, kwa sauti ya kawaida, neno moja au mawili: “polepole”, “mwone mwenzako”. Ni ujuzi mgumu sana. Walimu wengi tuliokulia mikononi mwao walijua njia moja tu ya kusahihisha, nayo ni kukusimamisha mbele ya watu.

Uingereza ilimpata Dorothy Heathcote, aliyezaliwa mwaka 1926, akaingia kiwanda cha kufuma nguo akiwa na miaka 14, na mwaka 1950 akaanza kufundisha walimu Newcastle bila shahada ya chuo kikuu. Yeye alimwingiza mwalimu ndani ya hadithi. Tuseme mwalimu anaingia darasani akiwa mkuu wa bandari aliyepotelewa na orodha ya mizigo, na watoto ndio makarani wazoefu wanaopaswa kumwokoa. Ghafla anayejua ni mtoto, na anayehitaji msaada ni mtu mzima. Watapiga hesabu, wataandika barua, watagombana kuhusu ramani, na hakuna aliyewaambia kwamba hilo ni somo la hesabu au la jiografia. Heathcote aliamini kwamba mtoto akipewa wadhifa wa mtaalamu huutafuta utaalamu mwenyewe.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki haingii kwenye kozi hii mikono mitupu, na ningependa alijue hilo kabla ya mhadhara wa kwanza. Wanafunzi wa Makerere walikuwa wakizunguka na maigizo vijijini katika miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho kwa miongo mingi, na kutoka huko, mwaka 1996, ulianza mpango wa Tuseme. Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikwenda kwenye shule za sekondari, na wasichana wenyewe wakayataja yanayowakwamisha masomoni, wakayachambua, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na jamii. FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaopigania elimu ya wasichana, ilikuja kuueneza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Profesa wa Kimarekani anayefundisha kuhusu Augusto Boal wa Brazili, aliyewapa watazamaji ruhusa ya kupanda jukwaani na kubadilisha mwisho wa igizo, atafurahi kupokea insha inayomweka Boal bega kwa bega na Tuseme. Hapo huyo mwanafunzi analeta elimu ambayo darasa halina.

Tena soko lipo nyumbani. Mtaala mpya wa Kenya umeifanya Sanaa na Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, na ndani yake mna maigizo na filamu. Tanzania ina somo la Sanaa za Maonyesho. Mtaala unaweza kuandikwa ofisini; walimu wa kuufundisha hawaandikwi.

Kazi za kozi yenyewe ni hizi: kuandaa andalio la somo, kuwafundisha wanafunzi wenzako kwa dakika 15 au 20 huku profesa akikutazama, kwenda kuangalia darasa halisi shuleni, na kuandika kumbukumbu za tafakuri kila wiki. Anayetegemea kujificha nyuma ya darasa hapati pa kujificha.

Sekunde chache na basi la abiria

Kozi ya filamu za kutisha nayo ina kosa lake la kawaida: mtu anajisajili kwa kuwa anazipenda. Kuzipenda kunasaidia wiki mbili za mwanzo. Wiki ya tatu inakuja kazi ya uchambuzi wa tukio, na hapo shabiki na asiye shabiki wanakuwa sawa.

Kazi hiyo inakwenda hivi. Unachagua tukio la dakika mbili tatu, unaorodhesha kila shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa: imechukua sekunde ngapi, kamera iko karibu au mbali, mwanga unatoka wapi, sauti gani inasikika na ipi imeondolewa. Mfano unaopendwa na wahadhiri ni kutoka Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur na kutayarishwa na Val Lewton kwa fedha haba. Alice anatembea peke yake usiku kando ya bustani, New York. Nyuma yake yuko Irena, mwanamke ambaye tumeanza kuamini kwamba hugeuka chui. Shoti zinapokezana: Alice, Irena, tena Alice. Hakuna muziki. Viatu tu juu ya lami, vya huyu na vya yule. Kisha viatu vya Irena vinanyamaza. Alice anageuka, njia iko tupu. Anaharakisha, anakimbia, anasimama, na kwa ghafla unapasuka mlio mkali kama wa mnyama ubavuni mwake. Ni basi la abiria limefunga breki.

Hatujaonyeshwa mnyama hata mmoja katika tukio hilo. Mwanafunzi anayeorodhesha shoti anagundua kwamba kilichofanya kazi ni kuondolewa kwa kitu: hatua za Irena ziliponyamaza, sikio lilibaki likisubiri, na linalosubiri linatishika kwa lolote. Mbinu hiyo ilipewa jina la basi la Lewton, na filamu za leo bado zinaishi juu yake, ingawa nyingi zinausahau ule ukimya na kubakiza kelele. Ukishaijua, hutazami tena tangazo la biashara au video ya kampeni ya siasa kama ulivyokuwa ukiitazama. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuilipia krediti 3.

Baada ya mbinu huja nadharia. Noël Carroll, mwanafalsafa, aliuliza mwaka 1990: kwa nini mtu alipe fedha ili ahisi kitu ambacho maishani anakikimbia? Jibu lake ni udadisi. Zimwi la filamu huvunja mipaka ya vitu tunavyovijua. Limekufa na liko hai, ni mtu na ni mnyama, nasi tunataka kujua linawezekanaje. Mwanafunzi kutoka Pemba hahitaji kueleweshwa mara mbili, anamjua popobawa, zimwi linalosimuliwa visiwani. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilienea Pemba na Unguja hadi watu wakawa wanakesha nje kwa makundi, na mwaka huohuo Zanzibar ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Kwa nini mwaka ule? Swali hilo linamfikisha kwa Robin Wood, mhakiki aliyeandika mwaka 1979 kwamba zimwi ni kile ambacho jamii imekikandamiza, kikirudi kudai nafasi yake.

Ukitaka kumpima Wood, toka Hollywood. Living in Bondage ya Nigeria, mwaka 1992, inatisha kwa habari ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Filamu za video za Dar es Salaam za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka ya Mussa Banzi, zilileta mizimu na mashetani yanayotambulika uswahilini. Hofu ya utajiri usio na maelezo, hofu ya ndugu, hofu ya kijiji ulichokiacha: hizo si hofu za Transylvania, kwa Dracula. Wapo wahadhiri ambao silabasi zao bado zinaanzia Ujerumani ya miaka ya 1920 na kuishia California, na mwanafunzi anayejua zaidi ya hapo aseme.

Carol Clover naye hasomwi bila ubishi. Alikuwa profesa wa fasihi ya Skandinavia ya zama za kati huko Berkeley, na mwaka 1992 akatoa kitabu kuhusu filamu za wauaji wa visu. Aliona kwamba mwishoni anayebaki hai ni msichana mmoja, na kwamba wavulana waliojaa ukumbini wanalazimika kuiona dunia kwa macho yake. Je, hilo linamheshimu msichana au linautumia mwili wake kwa mara ya pili? Semina za jambo hilo huwa moto.

Suala la imani halifai kupuuzwa. Wapo wanafunzi wa Kiislamu na wa Kikristo ambao kutazama filamu za mashetani kunawagusa dhamiri, na wapo waliopitia vita ambao damu kwenye skrini haiwi mchezo kwao. Hao wasione aibu. Silabasi hutolewa wiki ya kwanza. Isomwe yote, filamu kwa filamu. Wahadhiri wengi wako tayari kumpa mtu filamu mbadala akiwaendea mapema na kueleza. Kama haiwezekani, kuna siku za mwanzo wa muhula ambapo kozi inaweza kuachwa bila alama yoyote kubaki kwenye rekodi. Baada ya hapo inabaki W, alama ya kujiondoa, na baada ya hapo tena inabaki alama utakayopata.

Mwalimu ndani ya nyumba iliyozingirwa

Mtu mmoja aliziishi kozi hizi mbili: mwigizaji Duane Jones. Mwaka 1968 George Romero na marafiki zake wa Pittsburgh walitengeneza Night of the Living Dead kwa kiasi cha dola 114,000. Wafu wanafufuka, watu saba wanajifungia ndani ya nyumba ya shambani. Anayechukua uongozi ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, katika hadithi ambayo haikutaja rangi yake. Ben anapigilia mbao madirishani, anafikiri, anawapa watu kazi. Anaumaliza usiku akiwa hai. Asubuhi kundi la weupe wenye bunduki wanaosaka wafu wanamwona kwenye dirisha, wanampiga risasi, na filamu inafungwa kwa picha za mnato za mwili wake ukiburutwa kwa kulabu hadi kwenye moto. Ilianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili.

Filamu hiyo imo karibu katika kila kozi ya aina hii, na sababu mojawapo ni ya kisheria. Jina lake lilipobadilishwa kabla ya kutolewa, tangazo la haki miliki liliachwa nje ya nakala mpya. Kwa sheria ya wakati ule kosa hilo liliifanya iwe mali ya umma tangu siku ya kwanza. Waliotengeneza walipoteza fedha nyingi. Wanafunzi walipata filamu wanayoweza kuikata, kuipanga upya na kuitumia katika kazi zao bila kumwomba mtu ruhusa.

Duane Jones hakuwa mwigizaji wa kuokotwa. Alikuwa msomi na mtu wa jukwaa. Mazungumzo ya Ben yaliandikwa kwa dereva wa lori mwenye maneno ya mtaani, na yeye aliyabadilisha, akampa Ben lugha ya mtu aliyetulia. Baadaye alifundisha fasihi katika chuo cha Antioch, akaongoza muungano wa vikundi vya maigizo vya weusi mjini New York, kisha akasimamia maigizo katika chuo cha Old Westbury mpaka karibu na kifo chake mwaka 1988. Miaka yake mingi ilikwenda katika kuwafundisha vijana kusimama na kusema. Ukiitazama tena filamu ukilijua hilo, utaona jinsi Ben anavyomsemesha Barbra, mwanamke aliyepigwa na bumbuwazi, katika dakika zao za mwanzo pamoja: anaendelea kufanya kazi huku akimsimulia alichokiona njiani na kumtafutia kitu cha kufanya.

Uzi wa Ben haujakatika. Mwaka 2017, Get Out ya Jordan Peele ilipotikisa kumbi za sinema, mwandishi Tananarive Due alianzisha UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kozi nzima kuhusu filamu za kutisha za weusi. Peele mwenyewe alijitokeza darasani bila wanafunzi kuambiwa.

Neno la mwisho ni kwa wanaokusudia kurudi nyumbani. Shahada ya nje ikipelekwa TCU kutambuliwa, au krediti zikiombewa uhamisho kwenda chuo kingine, mtathmini anaona jina la kozi na namba yake. “Filamu za Kutisha, krediti 3” haimwambii kwamba uliandika insha tatu, ukachambua shoti 60 na kusoma Carroll, Wood na Clover. Hifadhi silabasi ya kila kozi ya kuchagua siku unayoipokea, pamoja na kazi zako zilizosahihishwa. Kurasa za kozi kwenye tovuti za vyuo hufungwa muhula ukiisha, na mhadhiri aliyekuwa wa mkataba huenda hayupo tena ukimwandikia baada ya miaka mitatu.